Je, wajua kwa nini washauri nasaha wawili wanaweza kukutibu kwa njia zisizofanana kabisa?

Tuseme abiria amenusurika ajali ya Noah, yale magari madogo ya abiria, pale Maji ya Chai, njia ya Moshi kwenda Arusha. Mfupa umeunga, kidonda kimefunga, lakini miezi minane imepita na hapandi gari lolote la Moshi kwenda Arusha. Akisikia tu konda anaita abiria, moyo unamwenda mbio na viganja vinalowa jasho. Mshauri wa kwanza anamuuliza habari za baba yake na maisha ya utotoni. Wa pili anamsikiliza saa nzima, hamwagizi chochote. Wa tatu anamwambia, "Kesho saa nne asubuhi nenda stendi, ukae ukitazama Noah zikipakia, na usiondoke mpaka hofu ishuke."

Wote watatu wamesomea kazi hiyo. Wanatofautiana kwa sababu kila njia ina jibu lake kwa swali moja: ni nini kinachofanya shida hii iendelee? Kilichoianzisha kinajulikana, ni ajali. Kinachoilisha hadi leo ndicho kinachobishaniwa.

Njia ya mshauri wa kwanza ilianzia Vienna, kwa daktari Sigmund Freud, miaka ya 1890. Inaamini kwamba yale tuliyoyasukuma nje ya fahamu hurudi kwa mlango wa nyuma, hasa katika namna tunavyoishi na watu. Vikao ni vya dakika 50 hivi, mara moja kwa wiki au zaidi, na huchukua miezi, pengine miaka. Mshauri huangalia hata jinsi mteja anavyomtendea yeye: anachelewa? anaomba radhi kwa kila neno? Humfaa mtu ambaye uchumba wake wa tatu umevunjika kwa sababu ileile iliyovunja wa kwanza. Kwa abiria wetu, ni kuzunguka mlima wakati njia fupi ipo.

Wa pili ni mfuasi wa Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani aliyeandika mwaka 1957 masharti aliyoona yanatosha kumbadilisha mtu. Yanayotajwa zaidi ni matatu: mshauri aelewe jambo kwa macho ya mteja, amkubali bila kumhukumu, na asiigize. Ni rahisi kuyasema, ila kuyatenda ni kazi. Mshauri mchanga huishia kurudia maneno ya mteja kama kasuku, na mteja anachoka. Huku kwetu kuna kikwazo kingine. Mtu aliyezoea kwenda kwa mchungaji, shehe au wazee wa ukoo anatarajia kuambiwa la kufanya, kisha anatoka kikao cha kwanza akilalamika, "Hakuniambia kitu." Dawa yake ni dakika tano za mwanzo: mshauri aeleze wazi atafanya nini na hatafanya nini, na kwa nini. Kwa mfiwa, au kwa mtu aliye njia panda kuhusu ndoa yake, njia hii ina nguvu sana. Kwa hofu ya gari, huruma peke yake haitoshi.

Kwa hiyo tukae zaidi na wa tatu. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba hofu iliyofundishwa mwili inaweza kuondolewa hatua kwa hatua. Aaron Beck, daktari wa Philadelphia aliyefunzwa kwa mtindo wa Freud, aliona katika miaka ya 1960 kwamba wagonjwa wake wa sonona (huzuni nzito isiyoondoka) walitawaliwa na mawazo ya haraka wasiyoyahoji: "Sifai", "Haitabadilika". Mikondo hiyo miwili ndiyo iliyozaa tiba ya fikra na tabia. Jibu lake kwa swali letu ni kwamba hofu inalishwa na kukwepa. Kila siku abiria anapoacha kusafiri anapata nafuu ya haraka, na mwili unajifunza kwamba kukwepa ndiko kulikomwokoa.

Kazi huanza kwa ngazi ya hofu, kila hatua ikipewa alama kati ya 0 na 100. Kutazama magari stendi: 30. Kukaa ndani ya Noah iliyosimama, mlango wazi: 40. Mlango ukiwa umefungwa: 50. Safari ya Moshi hadi Kwa Sadala na kurudi: 60. Boma Ng'ombe: 70. Kupita Maji ya Chai hadi Usa River: 90. Arusha, kiti cha mbele: 100. Alama anazitoa mteja. Mshauri akizikisia, ngazi nzima itakuwa ya mtu mwingine. Kila hatua hurudiwa mara kadhaa, kwa siku tofauti, mpaka hofu inayokuja nayo ipungue karibu nusu. Ndipo unapanda ya juu yake.

Inaharibika kwa namna zinazojirudia. Ya kwanza ni kushuka njiani hofu ikiwa kileleni. Hapo mtu ameimarisha ugonjwa kuliko alivyokuwa asubuhi. Ya pili hujificha zaidi: anafika Boma, sawa, lakini amefumba macho njia nzima, kashika mpini wa mlango, tena kameza kidonge cha usingizi. Mwili utasema umepona kwa sababu ya mpini na kidonge. Ya tatu ni ya mshauri mwenye haraka, anayeruka kutoka 40 hadi 90. (Dereva akikimbiza gari kweli, shuka. Hiyo ni akili timamu.)

Upande wa fikra kuna karatasi ya safu tano: tukio, wazo lililokujia, hisia na kiwango chake, ushahidi wa pande zote mbili, na wazo lenye uwiano zaidi. Hapa wengi hupotoka na kudhani ni mashindano ya kuwaza mazuri. "Sitapata ajali tena" ni uongo. "Nimesafiri njia hii miaka mingi, ajali ni moja" ni hesabu.

Kama abiria anaota ajali usiku au anaiona tena akiwa macho, hicho ni kiwewe, na huongezwa kazi ya kusimulia tukio kwa mpangilio, kidogo kidogo, hadi kumbukumbu ipoe. Lakini kumwita majeruhi wiki ileile na kumlazimisha asimulie kila kitu kwa kikao kimoja hakuzuii kiwewe, na kunaweza kumzidishia. Siku za mwanzo mpe usalama, ndugu zake, chakula, na sikio la kumsikiliza bila kumlazimisha kusema.

Moshi ina rekodi yake katika hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuata watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi, Moshi na Bungoma, Kenya. Tiba ya kiwewe ilitolewa kwa vikundi, vikao 12, na washauri wasio wataalamu wa afya ya akili, waliofunzwa kwa kazi hiyo. Bungoma faida ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Moshi, mwaka ulipopita, watoto wa kundi la kulinganisha, waliopata huduma ya kawaida tu, walikuwa wameimarika karibu sawasawa na waliopata tiba. Matokeo ya aina hiyo ni mazuri kuyajua: tiba ileile, kwa mwongozo uleule, haizai tofauti ileile kila mahali.

Kwa pombe mambo hubadilika tena. Kumhubiria mnywaji humfanya aitetee chupa. Mwanasaikolojia William Miller alipendekeza mwaka 1983 kwamba mshauri aulize kwa namna itakayomfanya mnywaji mwenyewe ataje sababu za kupunguza. Hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa ikiijaribu njia ya aina hiyo kwa majeruhi wanaofika dharura, kwa mazungumzo mafupi na muuguzi, chini ya jina Punguza Pombe Kwa Afya Yako.

Wapo wanaosema njia zote ni sawa. Mwanasaikolojia Saul Rosenzweig alilisema hilo tangu mwaka 1936. Ni nusu ya ukweli. Kwa sonona, tofauti kati ya njia nzuri ni ndogo, na uhusiano na mshauri una uzito mkubwa. Kwa hofu ya kitu mahususi, au kunawa mikono kusikokoma, tiba isiyokukutanisha na unachokiogopa inakupotezea nauli. Na anayesikia sauti wasizosikia wengine, au anayepanga kujiua, aanzie hospitali leo hii, mazungumzo marefu yatafuata.

Ukienda kikao cha kwanza, uliza: unadhani nini kinaifanya shida yangu iendelee? Tutafanya nini, kwa vikao vingapi? Tutajuaje kama inasaidia? Kwa sonona kuna dodoso la maswali tisa, jumla 0 hadi 27. Kuanzia 10 huashiria haja ya uchunguzi zaidi. Lijaze mwanzoni, urudie kila baada ya wiki tatu au nne. Baada ya vikao sita namba ikiwa palepale, mwambie mshauri wako ndani ya kikao kabla ya kuacha kwenda. Mzuri atabadilisha mpango au atakuelekeza kwa mwenzake.