Chapa ya Mnyama na Kidole cha Mbangua Korosho

Juma lililopita mama mmoja wa hapa Mtwara, ambaye kwa miaka mingi amebangua korosho kwa mikono, alinionyesha kidole gumba kilichounguzwa na mafuta ya maganda hata mistari yake ikafutika. Mashine ya kusajili laini ya simu ilikuwa imeshindwa kukisoma. "Mwalimu," aliniambia kwa furaha, "Bwana mwenyewe amenifutia, nisipokee chapa." Alimaanisha chapa ya mnyama wa Ufunuo 13, ile ambayo watu watatiwa mkononi au katika kipaji cha uso, na asiyekuwa nayo hawezi kununua wala kuuza. Nimekwisha kuyasikia maneno hayo kuhusu kitambulisho cha taifa, chanjo, na hata mistari ya bei kwenye pakiti za sabuni, na yananichoma, kwa kuwa kila mara ni mwamini mnyofu aliyetiwa hofu na mhubiri anayeifunga Biblia mara afikapo Ufunuo 13:18.

Yohana hakuigawa barua yake ya Ufunuo kwa sura. Mgawanyo huo ni wa karne ya 13. Mara tu baada ya 666, hesabu ya mnyama iliyo katika 13:18, 14:1 yaonyesha watu 144,000 wenye jina la Mwana-Kondoo na la Baba yake katika vipaji vya nyuso zao. Sijapata kumsikia mtu akiuliza jina hilo limeandikwa kwa wino gani au kwa mashine gani. Iweje basi alama ya Mungu iwe ya rohoni, na ile ya mnyama, iliyosimama kando yake, iwe kifaa cha dukani? Mkono na kipaji cha uso vimetoka Kumbukumbu la Torati 6:8, ambako Israeli wanaagizwa kuyafunga maneno ya Mungu mkononi na katikati ya macho, yaani katika matendo na mawazo. Chapa inamtambulisha mtu kwa yule anayemwabudu, na ndiyo maana Ufunuo 14:9 yaitaja pamoja na kumsujudu mnyama. Hakuna anayemsujudu mtu bila kujua, akiwa kwenye foleni ya kusajili laini.

Kuhusu mnyama mwenyewe sina mengi: chui, dubu na simba wa Danieli 7 wameunganishwa kuwa mmoja, na malaika anaeleza katika Ufunuo 17:9 kwamba vichwa saba ni milima saba, maneno ambayo msomaji wa wakati ule angeyaelekeza Roma, mji wa vilima saba.

Hesabu ndiyo inayonisumbua. Herufi za Kiebrania zilitumika pia kama tarakimu, na jina Nero Kaisari, mtawala wa Roma, likiandikwa kwa herufi hizo hutoa 306 na 360, jumla 666. Ukiiondoa nuni (herufi N, yenye thamani ya 50) ambayo Nero huishia nayo katika tahajia hiyo unapata 616, hesabu iliyomo katika kipande cha mafunjo cha Ufunuo kilichopatikana Oxyrhynchus, Misri. Ninafundisha hivyo, lakini sijaridhika. Kwa nini makanisa ya Asia (magharibi mwa Uturuki ya leo), yaliyoandikiwa Kigiriki, yahesabu kwa Kiebrania? Tena askofu Irenaeus, aliyeandika katika karne ya 2, aliijua 616 akaikataa, akapendekeza majina kadhaa, na Nero hayumo.

Yule mama alikuwa na Biblia yake mkobani. Aya ya 16 hadi ya 18 zilikuwa zimepigiwa mstari mwekundu, na ukurasa ulikuwa umechakaa mahali hapo. Tuliendelea kusoma kwa sauti mpaka mwisho wa 14:1, akanyamaza kidogo, kisha akaniomba kalamu.