Tunapima nini tunapopima ukwaruzo wa nyufa za mwamba

Ukipanda mlima Kitonga kwenye barabara ya kwenda Iringa, tazama upande wa mlima pale barabara ilipochongwa kwenye mwamba. Utaona mistari inayoukata mwamba vipande vipande. Hizo ni nyufa, na kazi yangu ya kila siku ni kuzisoma. Jiwe lenyewe halina shida. Gneisi (mwamba mgumu wenye mistari) nzima isiyooza, au graniti kama ile ya Gangilonga pale Iringa mjini, ukiipeleka maabara hubeba megapaskali (kipimo cha mkandamizo) 100 na zaidi kabla ya kupasuka. Mwamba unaoporomoka kwenye mikato ya barabara mara nyingi haujavunjika popote. Umeteleza tu juu ya ufa uliokuwepo tangu zamani. Kwa hiyo cha kuuliza ni ufa huo unashika kiasi gani, na sehemu kubwa ya jibu iko kwenye ukwaruzo wake: vijiinuko na vijibonde vya zile nyuso mbili zilizolaliana.

Mwaka 1966 mtafiti Patton alilionyesha jambo hili kwa sampuli zilizotengenezwa zikiwa na meno kama ya msumeno. Mzigo ukiwa mdogo, kipande cha juu hulazimika kuyapanda meno ndipo kisogee, na mwinamo wa meno unajumlishwa moja kwa moja kwenye pembe ya msuguano, yaani ule mwinamo ambao jiwe huanza kuteleza. Mzigo ukizidi, meno yanakatika na faida ile inakwisha. Mwamba halisi hauna meno yaliyopangwa namna hiyo, ndiyo maana tunamshukuru mtafiti wa miamba Nick Barton, ambaye mwaka 1973 alitupa namba ya ukwaruzo inayoitwa JRC, kuanzia 0 kwa ufa laini kabisa hadi 20 kwa ule unaokwaruza sana. Mwaka 1977 yeye na Choubey walitoa michoro 10 ya kulinganishia, kila mmoja wa urefu wa sentimita 10.

Hesabu yake si ngumu. Chukua pembe ya msuguano ya uso uliochakaa, ongeza JRC mara logarithi (ya msingi wa 10) ya uwiano kati ya ugumu wa kuta za ufa na mkazo unaozikandamiza. Tuseme ufa uko chini ya mita 20 hivi za mwamba, mkazo ni megapaskali 0.5, kuta zina ugumu wa megapaskali 100, na pembe ya uso uliochakaa ni digrii 30. JRC ikiwa 10, pembe nzima inafika digrii 53 na ufa unastahimili megapaskali 0.66 (mkazo mara tanjenti ya pembe hiyo) kabla ya kuteleza. JRC ikiwa 2, unastahimili 0.35 tu. Jiwe ni lilelile na kina ni kilekile, ila nguvu imepungua karibu nusu.

Sasa peleka ufa huohuo mahali penye mkazo wa megapaskali 10, kama kwenye mahandaki yaliyo chini ya mamia ya mita za mwamba. Mchango wa ukwaruzo unashuka kutoka digrii 23 hadi 10. Hapo ndipo naposisitiza kwa vijana ninaofanya nao kazi: ukwaruzo una thamani kubwa zaidi kwenye miteremko ya barabara na reli, palepale ambapo watu huona hakuna haja ya kupima kwa sababu "ni mkato mdogo tu".

Kupima kwenyewe tunatumia kitana cha sindano. Unakibana juu ya uso wa ufa, sindano zinapanda na kushuka zikifuata umbo la jiwe, kisha unakilaza kwenye karatasi ya grafu na kufuatisha kwa penseli. Kabla ya hapo unaufagia uso kwa brashi, maana chembe moja ya mchanga inainua sindano na kukupa kijiinuko ambacho mwamba hauna. Halafu mwelekeo. Gneisi yetu ina mistari ya madini, na uso mmoja unaweza kuwa laini ukiufuata mstari na wa kukwaruza ukiukata. Kitana lazima kilale kule jiwe litakakoelekea likiteleza. Mchoro uliochukuliwa upande mwingine, hata uwe safi namna gani, haujibu swali letu.

Kulinganisha kwa macho na ile michoro 10 sikuamini peke yake. Watu wawili wenye uzoefu watatazama mchoro mmoja, huyu aseme 8 na yule 12. Napenda kuongeza jaribio la kuinamisha, ambalo halihitaji mashine: unalaza slebu (vipande bapa vya jiwe) mbili za ufa uleule kama zilivyokuwa mlimani, unainamisha polepole, unasoma pembe ambayo ya juu inaanza kuteleza. Slebu ya unene wa sentimita 5 ikiteleza kwenye digrii 60, kwa jiwe la mfano wetu JRC ni karibu 6. Ufa unaokwaruza sana haufai kwa jaribio hili, maana slebu hupinduka kabla ya kuteleza. Ugumu wa kuta tunaupata kwa nyundo ya Schmidt, kifaa kinachosoma jinsi kinavyodundia jiwe, tukiipiga kwenye uso wa ufa wenyewe, si kwenye jiwe lililopasuliwa jana, kwa kuwa kuta za ufa ndizo zilizooza kwanza.

Kuna kosa moja linaloniumiza kuliko mengine, nalo ni kuchukua JRC ya sentimita 10 na kuitumia kwa bonge la mita 2. Vijiinuko vidogo havibebi bonge kubwa kama vinavyobeba kipande cha maabara. Kwa marekebisho ya Barton na Bandis ya mwaka 1982, JRC ya 10 inashuka hadi 5.5, ugumu wa kuta unashuka kutoka 100 hadi 41, na zile digrii 53 zinakuwa kama 40. Mawimbi makubwa ya ufa yanaweza kurudisha digrii kadhaa, lakini yapimwe kwa rula ndefu palepale mlimani, siyo kukisiwa ofisini.

Na huku Nyanda za Juu Kusini nyufa nyingi za karibu na uso zimejaa udongo mwekundu. Udongo ukiwa mnene kupita urefu wa vijiinuko, nyuso mbili hazigusani tena, na JRC haina kazi. Unapima nguvu ya udongo. Mvua zinapoanza Novemba au Desemba, maji yanaingia. Kina cha maji cha mita 10 ndani ya ufa kinapunguza mkazo wetu wa 0.5 hadi 0.4, na ule udongo unalainika. Kwa hiyo kwenye fomu yangu ya uwandani, unene wa udongo na unyevu huandikwa kabla ya JRC, na pale udongo unapozidi, safu ya JRC naiacha wazi.