Big Mac na chumvi isiyoonekana: maswali na majibu

Big Mac ni chakula gani hasa?

Ni hambaga ya McDonald's iliyobuniwa na Jim Delligatti, mwendeshaji wa migahawa ya kampuni hiyo katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Aliiuza kwanza mjini Uniontown mwaka 1967 kwa senti 45, na mwaka uliofuata ikaenea nchi nzima. Ina vipande viwili vya nyama ya ng'ombe ya kusaga, jibini, majani ya saladi, vitunguu, achari ya matango na sosi, ndani ya mkate wenye ufuta uliogawanywa kwa kipande cha tatu katikati.

Je, haina faida yoyote mwilini?

Si kweli. Ile inayouzwa Marekani ina protini gramu 25 hivi, na nishati ya takriban kilokalori 590.

Basi lawama zinatoka wapi?

Wengi huilaumu nyama kwa mafuta yake, na hawakosei: kati ya gramu 34 hivi za mafuta, karibu 11 ni yale yanayoganda, ambayo hupandisha kolesteroli mbaya katika damu. Hata hivyo, kwa maoni yangu chumvi ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu hambaga moja huwa na sodiamu (madini yaliyomo ndani ya chumvi) ya miligramu 1,050 hivi, kiasi kinachopatikana katika chumvi gramu 2.6, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Chumvi hiyo haikunyunyizwa juu ya nyama peke yake. Imo pia katika jibini, achari, sosi na hata mkate, ambao watu wachache huudhania. Ikizidi mwilini hushikilia maji, ujazo wa damu huongezeka, na presha hupanda.

Mwenye presha aiache kabisa?

Afuate kwanza ushauri wa daktari wake. Akiruhusiwa kuila mara chache, anaweza kuomba isiwekwe jibini wala achari na sosi ipunguzwe, kisha aache chipsi, ambazo huongeza chumvi nyingine juu ya ile aliyokwisha kula. Maji yachukue nafasi ya soda, kwani kopo moja la kola la mililita 330 lina sukari ya gramu 35 hivi.