Mbega wa Tana Kwenye Kuta za Lamu: Mchoraji Afahamu Nini

Vijana wa Lamu wameipokea vizuri kampeni ya kuchora ukutani wanyama walio hatarini kutoweka, na ofisi yetu, inayotoa idhini ya michoro hiyo, inawashukuru. Ila michoro mingi inayoletwa kuombewa idhini ina kasoro ileile: anayeitwa mbega mwekundu wa Mto Tana ni kima punju wa Unguja, amenakiliwa intaneti. Huyo mwenye nywele nyeupe kuzunguka uso na midomo ya waridi anaishi msitu wa Jozani, huko Unguja. Wa kwetu ana mgongo wa kijivu, wekundu wake uko utosini. Na msituletee nyani mkamwita mbega; nyani si mbega.

Jirani yake, mangabei wa Tana, kima mwingine wa misitu hiyo, msimpandishe matawini. Huyu mwenye shungi na kope nyeupe hushinda sana chini, akitafuta matunda na mbegu za mkindu. Basi mkindu nao uchorwe, na mkuyu, na mto wenyewe. Wanyama hawa wawili hawapatikani popote duniani isipokuwa misitu ya kando ya Tana, na misitu hiyo huishi kwa mafuriko. Mabwawa ya juu ya mto, kama Masinga lililokamilika 1981, yameyabadilisha mafuriko hayo, na mashamba yameukata msitu vipandevipande. Mbega aliyeachwa peke yake kwenye ukuta wa samawati haelezi lolote kati ya hayo.

Mji wa Kale wa Lamu ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo ruhusa ya mwenye nyumba peke yake haitoshi. Leteni barua yake, mchoro wa mfano wenye rangi, vipimo, picha ya ukuta ulivyo sasa, na aina ya rangi mtakayotumia. Hapo kwenye rangi ndipo maombi mengi hukwama. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Rangi ya plastiki hufungia unyevu na chumvi ndani, lipu ikabanduka. Tumieni rangi ya chokaa, au choreni kwenye mbao mkatundike. Idhini ya mdomo haipo, hata aliyeitoa awe nani.

Tumeulizwa pia kama inafaa kufuga mtoto wa mbega ili achorwe akiwa hai. Haifai. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kama ilivyorekebishwa, kupatikana naye bila kibali ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Kumuua au kumjeruhi ni kifungo kisichopungua miaka 5. Kusema ulikuwa na nia njema si kibali. Picha sahihi za wanyama wote wawili zipo ofisini; njooni na penseli.