Je, wajua kwa nini chanjo ya surua husubiri mpaka miezi tisa?

Mtoto akizaliwa katika kituo cha afya Tanzania au Kenya, kwa kawaida huchomwa chanjo ya kifua kikuu na kudondoshewa matone ya polio kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Wiki ya 6 anarudi kwa sindano moja inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na bakteria wa Hib (wanaoleta homa ya uti wa mgongo), na siku hiyohiyo anapata za nimonia, polio na kuhara. Anarudi tena wiki ya 10 na ya 14. Baada ya hapo, katika maeneo mengi, ratiba inanyamaza kwa miezi zaidi ya mitano. Surua, ambayo Wakenya wengi huiita ukambi, husubiri mpaka mtoto atimize miezi 9, ingawa ni miongoni mwa maradhi yanayoambukiza upesi kuliko yote. Mgonjwa akikohoa chumbani na kutoka, virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa mbili. Mtu asiye na kinga akikaa karibu na mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa ni kama tisa kwa kumi.

Kwa nini basi ugonjwa wa namna hii uwekwe nyuma? Sababu imo katika damu ya mtoto, na ilitoka kwa mama yake.

Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, mama humpitishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma. Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza baada ya kuugua au kuchanjwa, kila aina ikilenga kimelea chake. Mama aliyeugua surua utotoni, au aliyechanjwa, humwachia mwanawe akiba hiyo. Lakini mtoto hajui kuitengeneza mwenyewe, kwa hiyo haiongezeki. Hupungua nusu kila baada ya wiki tatu au nne hivi. Akiwa na miezi 2 bado anayo. Akifika miezi 6 watoto wengi wamebakiwa na kidogo, na kufikia miezi 9 kwa walio wengi imekwisha au iko ukingoni. Aliyezaliwa njiti huanza na akiba ndogo zaidi kwa kuwa hakukaa tumboni muda wote. Watoto wa mama waliopata kinga kwa chanjo pia huishiwa mapema kuliko watoto wa mama waliougua surua yenyewe.

Sasa, chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Kinga haijengeki mpaka kirusi hicho kizaliane kidogo mwilini, mwili ukitambue na kukiweka kwenye kumbukumbu. Kingamwili za mama hazina namna ya kutofautisha kirusi cha chanjo na kirusi cha ugonjwa: zinakinasa na kukimaliza kabla hakijazaliana. Ukimchanja mtoto wa miezi 3, sindano itaingia, kadi itaandikwa tarehe, na uwezekano mkubwa ni kwamba kinga haitajengeka. Hakuna dalili ya nje itakayokuonyesha hivyo.

Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zinazochomwa kwa sindano ni za aina nyingine. Ndani yake hakuna kimelea hai. Ni vipande vyake, sumu iliyopokonywa makali, au vimelea vilivyouawa. Kwa kuwa havizaliani, dozi moja haitoshi kuufundisha mwili, ndiyo maana zile kuu zinarudiwa mara tatu. Ile ya kifua kikuu ina bakteria hai, ila kinga yake hutegemea zaidi seli kuliko kingamwili, hivyo urithi wa mama hauizuii na inaweza kutolewa siku ya kuzaliwa.

Hapa mama wengi huuliza kuhusu kunyonyesha. Kingamwili zilizomo kwenye dang'a na maziwa ya mama hufanya kazi hasa kwenye utumbo na njia ya hewa. Haziingii kwenye damu ya mtoto kiasi cha kuzuia sindano ya surua. Kwa hiyo maziwa hayaiharibu chanjo, wala hayawezi kushika nafasi yake. Mnyonyeshe kabla ya kuchomwa, wakati wa kuchomwa na baada ya hapo.

Kwa nini si miezi 12?

Kungojea zaidi kungeifanya chanjo ishike vizuri zaidi. Ikitolewa kwa miezi 9, hushika kwa takriban watoto 85 kati ya 100. Ikitolewa kwa miezi 12, hufika karibu 95. Marekani na Uingereza huanza mwaka wa kwanza ukitimia, kwa kuwa huko mtoto mchanga hakutani na surua mara kwa mara. Pale ambapo surua bado inazunguka, ile miezi mitatu kati ya 9 na 12 ni hatari: akiba ya mama imekwisha, chanjo haijaja, na surua kwa mtoto wa umri huo huleta nimonia, kuhara kukali, upofu na kifo. Isitoshe, hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ambayo mwili ulikuwa umeshajijengea dhidi ya maradhi mengine, ndiyo maana mtoto aliyepona surua huendelea kuugua hiki na kile kwa miezi mingi. Kwa hiyo miezi 9 ni umri wa mapatano. Tunakubali watoto wachache wakose kinga ili wengi wasikutwe bila chochote.

Hao wachache ndio sababu ya dozi ya pili kwa miezi 18. Wazazi wengi huiona kama nyongeza ya kuimarisha, kitu kinachoweza kusubiri au kuachwa. Kazi yake kuu ni nyingine: kumpa nafasi ya pili mtoto ambaye dozi ya kwanza haikumshika. Kwa kumtazama tu, hakuna nesi wala daktari anayeweza kusema wako ni mmoja wa wale 85 au wale 15. Wote wanarudia, na karibu wote walioikosa kinga mara ya kwanza huipata mara ya pili.

Chukua eneo linalopata watoto 200 kila mwaka, na tuseme wote wanapata dozi ya kwanza na hakuna anayerudi kwa ya pili. Kila mwaka wanabaki watoto 30 hivi wasio na kinga. Baada ya miaka saba ni 210, zaidi ya watoto wote wanaozaliwa hapo kwa mwaka mzima, nao wamesambaa madarasani na kwenye madrasa. Mgonjwa mmoja akiingia, moto umepata kuni. Ndivyo surua inavyoweza kurudi baada ya miaka kadhaa hata mahali ambapo kadi zinaonyesha karibu kila mtoto alichanjwa. Ili isambae kwa shida, inatakiwa watoto 95 kati ya 100 wawe na dozi mbili.

Hesabu tarehe kwa kalenda, wala usikadirie kwa wiki. Aliyezaliwa tarehe 10 Machi hutimiza miezi 9 tarehe 10 Desemba, na miezi 18 tarehe 10 Septemba ya mwaka unaofuata. Piga picha ya kadi ya kliniki kwa simu kila inapoandikwa kitu kipya. Kadi hulowa, hupotea na huungua. Picha itamsaidia nesi kutafuta jina la mtoto kwenye rejista.

"Rudi kesho kutwa"

Kuna mama anayetembea kilomita kadhaa, mtoto ametimiza miezi 9, halafu anaambiwa arudi siku nyingine mpaka watoto wafike idadi fulani. Siku hiyohiyo aliyeleta mtoto wa wiki 10 anachanjiwa bila kusubiri. Inaonekana kama upendeleo, kumbe tatizo linaanzia kwenye kichupa.

Chanjo ya surua, ambayo huchanganywa na ya rubela (ugonjwa mwingine wa virusi wenye vipele), huja ikiwa unga mkavu, mara nyingi dozi 10 katika kichupa kimoja, na huchanganywa na kimiminika chake maalumu, nacho kikiwa cha baridi. Haina dawa ya kuzuia bakteria, maana ingekiua kirusi hai cha chanjo. Ikishachanganywa inapaswa kutumika ndani ya saa 6 au kutupwa kikao cha chanjo kinapokwisha, lolote litakalotangulia. Kichupa cha chanjo ya wiki ya 6 kina kihifadhi, na kikitunzwa vizuri kwenye jokofu kinaweza kuendelea kutumika hadi siku 28 baada ya kufunguliwa. Nesi anayekifungua cha surua kwa mtoto mmoja anajua huenda akatupa dozi tisa, ndiyo maana anasita.

Sheria ya saa 6 haina mzaha. Mwaka 2017 huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walifariki katika kampeni ya surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliochanja hawakuwa na mafunzo, bomba moja la sindano la kuchanganyia lilitumika siku zote nne za kampeni, na chanjo haikuwekwa kwenye baridi. Bakteria waliota ndani yake. Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro.

Hata hivyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu dozi tisa zilizotupwa ni hasara ndogo kuliko mtoto asiyerudi. Nakubaliana nao kabisa. Ukiambiwa usubiri, eleza kwa utulivu umetoka wapi na uulize siku gani hasa kichupa kitafunguliwa. Vituo vingi vina siku maalumu ya surua kwa wiki, na vijijini kuna siku za huduma ya mkoba, ambapo wahudumu huwafuata watoto huko waliko. Andikiwa tarehe hiyo kwenye kadi. Unaweza pia kuomba uonyeshwe alama ya joto kwenye kichupa kabla hakijachanganywa: mraba mdogo ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukifanana nalo au kuwa mweusi zaidi, isitumike.

Homa inayochelewa

Baada ya sindano za wiki ya 6, homa ikija huja siku hiyohiyo au siku mbili za mwanzo. Ya surua ina tabia yake. Siku ya kwanza mtoto anacheza kama kawaida, kisha kati ya siku ya 5 na ya 12, huku mzazi ameshasahau sindano, baadhi yao hupata homa na wengine vipele vichache kwa siku moja au mbili. Huo ndio muda ambao kirusi kilichodhoofishwa kinazaliana. Vipele hivyo haviambukizi wengine.

Hatari iko kwenye kuichukulia kila homa ya siku hizo kuwa ya chanjo. Mahali penye malaria, mtoto mwenye homa apimwe malaria, awe amechanjwa wiki iliyopita au la. Kwa homa yenyewe, paracetamol hupimwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kilo moja. Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 120, ambayo ni mililita 5 za dawa ya maji iliyoandikwa 120 mg/5 ml. Acha saa 6 kati ya dozi na dozi, usimpe zaidi ya mara nne kwa siku, na usimpe aspirini. Akigoma kunyonya, akipata degedege, akipumua kwa shida au homa ikipita siku mbili, mpeleke kituoni.

Mafua, kikohozi, homa ndogo au kuhara kidogo havimzuii mtoto kuchanjwa. Utapiamlo ni sababu ya kuharakisha. Anayepaswa kuachwa ni aliyewahi kupata mzio mkali baada ya dozi iliyopita au mwenye kinga iliyoporomoka vibaya. Mtoto anayeishi na virusi vya UKIMWI huamuliwa na daktari wake, na mara nyingi hupewa dozi ya ziada akiwa na miezi 6. Dozi ya miezi 6 hutolewa pia surua inapolipuka. Hiyo haihesabiwi: za miezi 9 na 18 zinabaki palepale.

Ile miezi mitano ya ukimya isikufanye uache kliniki. Akitimiza miezi 6 ndipo mtoto anapoanza chakula cha nyongeza, na ndipo mstari wa uzito kwenye kadi huanza kulala kwa wengi. Tazama mwelekeo wa mstari huo kuliko mahali ulipo: mtoto mdogo wa umbo ambaye mstari wake unapanda yuko salama kuliko mnene ambaye mstari umelala miezi miwili. Katika umri huo pia huanza vitamini A, kidonge cha buluu cha yuniti 100,000, kisha chekundu cha 200,000 akishatimiza mwaka mmoja, kila miezi 6 mpaka afikishe miaka mitano. Vitamini hiyo hupunguza makali ya surua, hasa machoni.

Kwa wanaohamia Uingereza au Marekani: dozi iliyotolewa kabla ya mwaka mmoja haihesabiwi huko, hata kama ilitolewa kwa usahihi nyumbani. Mtoto aliyechanjwa kwa miezi 9 na 18 atahesabiwa kuwa na moja, na ataongezewa nyingine inayokinga pia matumbwitumbwi. Beba kadi halisi.

Na kama wako ana miaka mitatu na nafasi ya dozi ya pili kwenye kadi bado ni tupu, mpeleke wiki hii. Hakuna kuanza upya. Kinachotakiwa ni wiki 4 ziwe zimepita tangu ile ya kwanza, na kwake zimeshapita zamani.