Klachi Inayovuja Haiponi kwa Kuongezewa Mafuta: Ufafanuzi kwa Wenye Magari Mombasa

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu siku hizi yanafanana. Mtu ameleta gari ukaguzini, limekataliwa kwa sababu mafuta ya klachi yanavuja, naye anaona ameonewa: klachi si breki, gari linakwenda, basi kosa liko wapi? Wengine huongeza kwamba fundi wao amesema ni jambo dogo la kutia mafuta kila wiki. Haya ni maelezo ya jumla kwa umma na hayachukui nafasi ya kitabu cha mtengenezaji wa gari lako. Kitabu kikisema tofauti na sisi, fuata kitabu.

Tuanze na hilo la klachi si breki. Katika magari mengi madogo, masta ya juu ya klachi (silinda inayosukumwa na pedali ili ipeleke mafuta kwa masta ya chini, iliyo kwenye giaboksi) hupata mafuta kutoka chombo kile kile cha mafuta ya breki. Mara nyingi tundu la klachi limewekwa juu kidogo kuliko la breki, ili mafuta yakipungua klachi itangulie kufa na breki zibaki. Hiyo ni tahadhari ya mtengenezaji, si ruhusa ya kuendelea na safari. Tena klachi iliyokosa nguvu haiiachanishi injini na magurudumu. Umekanyaga pedali hadi sakafuni na gari bado linasukuma mbele. Kwenye foleni ya Makupa utamgonga aliye mbele yako. Kwenye mteremko wa kuingia feri pale Likoni, walio mbele yako ni watu wanaotembea kwa miguu.

Kisheria, kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari lililo barabarani liwe katika hali isiyoweza kuhatarisha watu, pamoja na sehemu zake zote. Kifungu hakitaji breki peke yake. Adhabu iko kifungu cha 58: faini isiyozidi shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Kinamhusu anayeendesha na pia anayelitumia gari barabarani, kwa hiyo mwenye matatu asidhani mzigo wote ni wa dereva. Faini halisi huamuliwa na mahakama. Mkaguzi hatozi faini, na anayekudai pesa mkononi ili apitishe gari aripotiwe.

Sasa ufundi. Kosa tunaloliona kila mara ni kushusha giaboksi na kununua klachi pleti mpya (kisahani cha msuguano kinachounganisha injini na giaboksi) wakati ugonjwa uko kwenye mafuta. Pleti iliyoisha huteleza: injini inanguruma na gari halivuti, hasa mlimani. Mfumo wa mafuta ukiwa na kasoro, pedali huwa laini au hushuka yenyewe, gia zinakataa kuingia gari likiwa linanguruma, na ukipiga pedali mara mbili tatu zinakubali kwa muda. Dalili hiyo ya mwisho ni hewa ndani ya paipu au raba ya masta iliyochoka. Tafadhali mwambie fundi akague hilo kabla hajafungua bolti moja ya giaboksi.

Mahali pa kutazama si pengi. Pitisha kidole nyuma ya pedali, pale fimbo inapoingia masta ya juu; kukiwa na unyevu wa mafuta, au kapeti ya dereva imelowa, masta hiyo imekwisha. Kisha nenda kwenye masta ya chini, ubavuni mwa giaboksi, ufunue kofia yake ya raba. Mafuta yakimwagika kutoka ndani ya kofia, nayo imekwisha. Kama gari lako halina masta ya nje, basi imo ndani ya giaboksi pamoja na beringi, na uvujaji huonekana kama matone baina ya injini na giaboksi. Hiyo haibadilishwi bila kushusha giaboksi, kwa hiyo anayebadilisha pleti aibadilishe hapo hapo. Kuiacha ya zamani ili kuokoa pesa ni kulipa kazi ile ile mara mbili.

Kwa nini hapa Pwani huharibika sana? Mafuta ya breki na klachi ya daraja la DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa haina upungufu wa unyevu. Maji yakiingia, kiwango cha kuchemka hushuka (kwa DOT 3 kutoka nyuzi 205 hadi 140 kwa viwango vya chini vinavyokubalika), na silinda ya masta huliwa na kutu kwa ndani. Kutu hukwaruza raba, raba huachia mafuta. Ongeza kwamba magari mengi yameshuka Kilindini yakiwa yametumika. KS 1515, kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, kinaruhusu gari linaloingizwa liwe na umri wa hadi miaka minane, na raba zimezeeka pamoja na gari. Badilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili, na usinunue yaliyokaa kwenye mkebe uliofunguliwa.

Jambo ambalo hatuelewi linatoka wapi ni watu kutia oili ya injini kwenye chombo hiki, au kusafisha raba kwa petroli. Oili na petroli huvimbisha raba za mfumo huu. Zikishavimba hazirudi, na kama chombo ni kimoja, raba za breki zimeharibika pia: masta ya breki, silinda za magurudumu, mipira yote. Ukishatia oili, usiwashe gari. Livutwe hadi gereji. Raba husafishwa kwa mafuta ya breki yenyewe, basi. DOT 5 nayo ni ya silikoni, haichanganywi na DOT 3 wala DOT 4. Tazama maandishi ya kifuniko, hayakuwekwa kama pambo.

Badilisha masta ya juu na ya chini kwa pamoja. Masta mpya ya juu hurudisha nguvu na mwendo kamili, na ile ya chini iliyochoka hulazimika kufika sehemu zenye kutu ambazo raba yake haikuwa ikizigusa. Baada ya siku chache inavuja, na fundi analaumiwa kwa spea mbovu. Kupiga msasa ndani ya silinda yenye mashimo ya kutu kisha kuweka raba mpya hakufai. Silinda ikishachimbika itupwe.

Nati ya paipu ifunguliwe kwa spana ya paipu, ile inayoshika karibu pande zote, si koleo. Wakati wa kufunga ianze kwa vidole hadi ikubali mizunguko kadhaa ndipo spana ifuate. Ikipanda kombo, uzi umeharibika na itavuja daima. Bolti yenye tundu inayoshika hosi huwekwa washa mpya za kopa, moja kila upande. Utepe mweupe wa mabomba ya maji usitiwe hapa kabisa. Paipu hizi huzuia uvujaji kwa chuma kukaa juu ya chuma, na kipande cha utepe kikikatika huziba njia. Hosi isijikunje wala kujisokota.

Kutoa hewa: mmoja akanyage na kushikilia, mwingine afungue kidogo kijibolti cha kutolea hewa cha masta ya chini, afunge, ndipo pedali iachiwe. Chombo kisikauke katikati ya kazi. Hakikisha kijibolti kimekaa juu, si chini, maana hewa hupanda. Fimbo ya pedali ibaki na uhuru kidogo kabla ya kusukuma. Ikikazwa mno, mafuta hayarudi chomboni, joto linaongeza presha na klachi inateleza. Mwisho, mtu ashikilie pedali dakika nzima huku unapapasa kila kiungo kwa karatasi kavu. Rudia baada ya siku mbili tatu. Mafuta yaliyomwagikia rangi ya gari yaoshwe kwa maji mara moja, la sivyo rangi itabanduka. Mafuta machafu yasimwagwe mtaroni, maana mitaro yetu inaishia baharini.

Kuhusu spea bandia: bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya) unaweza kuithibitisha kwa kutuma ujumbe mfupi wa SM# na namba ya kibali kwenda 20023. Chini ya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008, muuzaji akipatikana na hatia mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya bidhaa, au vyote. Weka risiti, bila risiti malalamiko yako ni maneno matupu.

Na kuosha injini kwa mashine ya presha asubuhi ya ukaguzi hakusaidii. Mkaguzi atakanyaga klachi, ataishikilia, na mwenzake atakuwa chini ya gari na tochi.