Ametoka ICU, mbona ngazi zamshinda?

Baba alilazwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, Mombasa, mashine ikimpumulia. Mapafu yamepona, ila Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, tulimbeba hadi kwenye boti, na nyumbani hapandi ghorofani. Ni uvivu?

Si uvivu hata kidogo. Maradhi mazito, hasa maambukizi yaliyoenea mwilini, hula misuli na kudhuru mishipa ya fahamu. Watafiti wa London walipima misuli ya paja kwa ultrasaundi na kuchapisha matokeo 2013: ndani ya siku 10 tu ilikuwa imesinyaa kwa karibu asilimia 18.

Udhaifu huo wa misuli hupimwaje?

Mgonjwa aliyezinduka huombwa ainue mkono, akunje kiwiko, ainue kiganja, kisha paja, goti na wayo, kulia na kushoto. Kila tendo lina alama 0 hadi 5, jumla 60. Akipata chini ya 48, tayari ana udhaifu huo.

Basi si angeanzishwa mazoezi mengi mapema?

Hapo ndipo utafiti ulipopinda. Mwaka 2009, Marekani, kati ya walioanza mapema mazoezi na shughuli kama kula na kuvaa, asilimia 59 walitoka hospitali wakijitegemea. Wenzao wa matibabu ya kawaida walikuwa asilimia 35. Watu wakashangilia. Ukaja utafiti mwingine 2022, wagonjwa 750: walioongezewa mazoezi kupita ya kawaida hawakupata nafuu zaidi, na visa vya moyo kwenda mrama au presha kuyumba viliongezeka. Kwangu mimi huo haukatazi mazoezi, unakataza pupa.

Tumshindilie protini?

Samaki, mayai na kunde ni vyema, kwa kiasi. Kama figo zilitetereka, daktari aulizwe kwanza.

Nyumbani tufanyeje?

Mteremshieni kitanda chini. Ngazi zetu za Lamu ni za wima mno kwa miguu hiyo. Aketi kwenye kiti kigumu, ainuke, akae tena, mara chache chache kutwa, na mtu awe ubavuni. Akitweta au kifua kikimbana, aache mazoezi hapo hapo. Siku ya kuvuka kwenda kliniki bara, ulizieni maji: yakipwa, vidato vya gati huwa vingi na vina utelezi.

Itachukua muda gani?

Wengine miezi, wengine miaka. Huko Kanada, walionusurika na maradhi makali ya mapafu walipimwa baada ya miaka 5, na wengi bado walitembea umbali mfupi kuliko uliotarajiwa. Lakini mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea ghafla, au mdomo ukienda upande, hilo ni jambo jingine: hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.